Maneno Niliyosema Yasiandikwe

Mwaka ule mvula ya mawe ilipopiga maharagi yetu pale Muheto, mama alitoka inje na kifuniko cha sufuria juu ya kichwa. Hakwenda kujificha. Alisimama katikati ya shamba, maharagi yakiwa katika maua, na mawe yanaanguka makubwa sawa vile mayai ya njiwa, na yeye anatukana mawingu kwa Kihunde, maana kwetu tunatukana vizuri kwa Kihunde. Sisi watoto tulikuwa mulangoni tunacheka. Nasema wazi, tulicheka. Mawe yalikuwa yanapiga kile kifuniko ting, ting, ting, na kila ting mama anaongeza tusi. Yalipoisha tuliyaokota tukayala. Kaka yangu mukubwa aliweka lake katika mufuko wa kaputula, akimbie kumuonyesha mwalimu. Alifika shuleni na kaputula yenye maji, wenzake wakasema amejikojolea, na jina hilo lilimufuata mupaka siku alipooa.

Maharagi yaliisha siku ile. Na shule yangu nayo iliisha siku ile, ingawa mimi sikujua bado. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu. Baba alisema hakuna chakula cha kutosha midomo yote, mumoja aende Ntoto kwa mama mudogo, dada ya mama yetu, aliyeolewa kule. Mumoja huyo nikawa mimi. Sikulia. Kusoma kulikuwa kunanichosha. Herufi nilizijua zote, moja moja, lakini zikishikana mikono ndani ya neno zilikuwa zinanitisha, sawa vile watu unaowajua mumoja mumoja, lakini wakikuja kundi unajiuliza wanataka nini.

Njia ya kwenda Ntoto inashuka. Unaacha baridi nyuma, unaacha ngombe, unaacha majani mafupi, na miti inaanza kuwa mirefu mupaka hauoni tena kichwa chake. Kule nilijifunza kula ndizi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya muchikichi, na viwavi, na kila asubuhi nililia kwa kukosa maziwa. Mama mudogo alinicheka: «Wewe mutoto wa ngombe, hapa tunakamua miti!» Nilipaswa kukaa mupaka maharagi ya msimu mwingine. Nilikaa mupaka ndevu zikatoka. Hivyo njo ilivyo, muntu anatumwa siku mbili na anazeeka njiani.

Ni katika njia ile, miaka fulani baadaye, mimi nikiwa kijana, karibu na kijito, nilimukuta kijana mumoja ameketi juu ya muzigo wake wa chumvi na sabuni. Alitoka upande wa Butembo. Watu wa kule unawajua hata wakiwa wamelala: usingizini wanauza. Alikuwa anazunguka soko kwa soko, muzigo mugongoni, na siku ile alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili.

«Kaka, unajua kusoma?»

«Kidogo.»

«Kidogo ya namna gani?»

«Kidogo ya polepole.»

«Polepole iko sawa. Hakuna kamio inaningoja barabarani.»

Akanipa barua. Akaniambia moshi wa jikoni ulimuharibu macho. Mimi nikaanza, kidole juu ya karatasi: ba, ba, ya, ko. Baba yako. A, li, tu, a. Kila kipande nilikisema kwa sauti, nikitoka jasho, nikifurahi kila neno lililokubali kufunguka. Sikuwa nasikia yale niliyosoma. Yeye alikuwa anasikia. Barua ilikuwa ya mama yake, imeandikwa na katekista, inasema baba yake alituacha, wamemuzika, asijisumbue kurudi kwa haraka. Kifo cha baba yake nilimupa vipande vipande, sawa vile muntu anayemega mukate.

Hakulia mbele yangu. Aliosha uso katika kijito, akarudi akaketi. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: «Kaka, siku nyingine, soma yote kwanza ndani ya kichwa. Ukimaliza, uniambie na kinwa cha muntu.»

Na baadaye, tukiwa tunatembea, akasema pia: «Macho yangu ni mazima. Sikuingia shuleni hata siku moja. Usimuambie muntu. Mufanyabiashara asiyejua kusoma, watamukula akiwa mubichi.»

Niliapa. Tulikuwa vijana, kuapa hakukuwa na uzito kuliko kukohoa.

Miaka ilipita, mimi nikarudi juu Masisi, nikaoa pale Nyamitaba, nikalima maharagi na mihogo kwenye mulima unaoteremuka vibaya. Yeye akakuja kufungua duka palepale, na sijui kama alinifuata ao ni bahati. Alisema ni bahati. Duka la mabati, chumvi, sabuni, vitenge, betri za radio. Hesabu alikuwa anazifanya kichwani muntu mwenye kalamu akiwa hajafungua kalamu. Katika misa alishika kitabu cha nyimbo, akafungua ukurasa wowote, akaimba yote kwa moyo. Alikuwa anageuza kurasa vizuri sana. Mimi niliyejua siri nilikuwa natazama pembeni nisicheke.

Wakati ule barua zilikuwa zinakuja na makamio. Dereva anaziacha dukani, maana ni duka tu lililojulikana. Na watu wanakuja: «Papa, hakuna kitu changu?» Wengi hawakusoma. Walimuona yeye ana miwani, ana daftari, ana suruali yenye pasi, wakamupa: «Utusomee, Papa.»

Sasa sikia namna tulivyofanya kazi. Barua inafika asubuhi. Mimi napita dukani sawa vile muntu anayetaka kiberiti. Ananipitishia barua chini ya meza, naenda nyuma, kati ya magunia, nasoma polepole ndani ya kichwa mara mbili, mara tatu. Kisha namuambia sikioni. Jioni jua likiwa bado liko, mwenye barua anakuja, na rafiki yangu anatoka barazani, anafungua karatasi, anairefusha mbali na uso, anakohoa, na anasoma. Ah! Mimi nilikuwa nimemupa mufupa, yeye anatoa muchuzi. Niliyomuambia ni «anasalimia watu wote». Yeye anasoma: «Mama, nakusalimia wewe na lile jiwe unalolikalia ukichambua maharagi.» Mama analia, anasema, mutoto wangu hajasahau jiwe! Kama barua ni ya kifo, hakuanza na kifo. Alizunguka, alisema habari ya mvula, ya safari, akimuangalia muntu, mupaka muntu mwenyewe anaketi chini bila kuambiwa. Njo hapo alikuwa analitoa lile neno.

Mimi natunga hadithi leo, watu wananiita mwenye kinwa. Kinwa hiki nilikipata pale nyuma ya magunia, nikisikiliza kazi yangu mbaya ikifanywa vizuri.

Na siku ambazo sikuwa pale? Nilikwenda Ntoto kumuzika mama mudogo, nikakaa. Mwaka mwingine tulikimbia vita, kila muntu na upande wake, yeye akanitangulia kurudi. Barua hazikungoja. Niliporudi nilimuuliza:

«Ni nani aliyekuwa anasoma?»

«Mimi.»

«Ulisoma na nini?»

«Niliangalia uso wa mwenye barua.»

«Wewe! Na kama barua ilisema kingine?»

«Kama ni mubaya, habari mubaya inajua njia, itafika yenyewe. Kama ni muzuri, nimesema muzuri.»

Nikarudi nyuma ya magunia kusoma barua za siku ile. Hata leo sijui kama nilipaswa kunyamaza.

Kisha simu zilikuja na barua zikafa. Kila mama ana mutoto wake ndani ya sikio. Rafiki yangu alizeeka barazani, kiti kimoja, watu wanapita wakisema ndani ya mukono wao. Alikuwa ananiambia: «Kaka, hakuna tena anayeniomba kitu isipokuwa chumvi.» Maneno haya njo yaliniingiza katika mambo ya kitabu. Nilitaka kumutengenezea hadithi, riwaya muzima, ya muntu mwenye kusoma barua bila kujua kusoma, katika inchi nyingine isiyo na milima, na jina lingine, na duka nikaligeuza nikaliweka kivuko cha muto. Mimi na yeye tu tungejua. Nilitaka aisikie siku ya Bonane, mwaka mupya ukifunguka, mbele ya watu, ajue kwamba ile kazi ilikuwa kazi. Sikumuomba ruhusa. Zawadi hauombi ruhusa, nilijiambia. Sasa najua kuko zawadi zinazoomba.

Muke wangu alicheka mupaka akashika mulango. «Muzee, wewe kuandika kitabu? Hata jina la mukwe wako unaliandika kwa vipande viwili!»

Kweli. Nilikuwa nimejaza kaye tatu za shule, lakini nilipozifungua sikuweza kuzisoma mwenyewe. Basi nikaenda kwa dada dactylo. Huyu ni dada mwenye kompyuta, ordinateur, na plaque ya jua juu ya mabati, nyumba yake njo watu wanachaji simu, wanaweka miziki ndani ya carte mémoire ya simu, wanapigisha barua za biro, zile za ofisi. Zamani alifanya kazi kwenye biro ya groupement, ile inayotawala vijiji vyetu, akiandika procès-verbal za kesi za mashamba na ngombe. Vidole vyake havina muchezo. Akaniambia: «Papa, karatasi ya nini? Kuchapisha kwenye imprimerie ya nini? Kitabu kinaweza kukaa ndani ya simu. Mwandishi anakiweka mwenyewe kwenye site ya internet, muntu wa Goma, muntu wa Ulaya, anakivuta. Tukimaliza mbele ya Noeli, tukiache bure siku za sikukuu. Batu banapanda kutoka muji na simu zao kubwa, hawana kazi, wanakula na kulala. Batasoma.»

Kitabu bila karatasi! Nilimuuliza panya watakula nini. Lakini nilikubali.

Miezi ile ya mvula nilikwenda kila siku mbili. Nilikaa juu ya kasha ya chupa za bière, nikasema, na yeye akaandika bila kuangalia vidole. Mvula ikipiga mabati sana tulinyamaza, tulichoma mahindi, tukaendelea. Mimi nikianza kusema siwezi kwenda moja kwa moja, munaniona. Nilikuwa nasimama, namufafanulia dada: huyu alikuwa hivi, yule muto sikuuona mwenyewe, ngoja nifukuze mbuzi. Na siku moja, moyo ukiwa umejaa, nilimuambia hata ile. Nilimuambia huyu wa kivuko ni nani. Kisha nikasema: hii usiandike.

Yeye alikuwa ameandika. Yote. Haikuwa ubaya. Kwenye biro walimufundisha hivyo: muntu akisema mbele yako, andika, hata akikohoa, hata akisema futa, mwishoni mupe asome tena, yeye njo atasema hapa toa, hapa acha, kisha asaini. Hiyo njo procès-verbal. Na kweli alifanya hivyo. Siku mbili mbele ya Noeli aligeuza ordinateur upande wangu.

«Papa, soma tena yote, uniambie ya kutoa.»

Kurasa zilikuwa nyingi. Kwa mwendo wangu ningemaliza Pasaka. Na nje kulikuwa watu wanangoja simu zao, vijana, mamama, wananiangalia, mwandishi! Nikavuta ordinateur karibu. Nikapitisha macho juu, chini, juu, chini. Nikakunja uso mahali fulani. Nikatikisa kichwa mahali fulani. Dada alikuwa anabonyeza, kurasa zinapita, na mimi nasema «mm, mm». Sikusoma neno.

«Iko sawa?»

«Iko sawa kabisa.»

«Hakuna ya kutoa?»

«Hakuna.»

Akanipa kaye yake, nikasaini.

Tulipanda kilima, maana connexion ya internet iko kule juu karibu na zizi la ngombe, chini haifiki. Dada alivaa buti, ordinateur ndani ya kitenge mugongoni sawa vile mutoto. Picha ya mbele niliitaka shamba la maharagi katika maua. Kuliandikwa maswali, jina la mwandishi, lugha, kitabu cha namna gani. Ngombe mumoja alikuja kunusa. Kisha kamustari ka bluu kakaanza kutambaa, kakasimama, kakatambaa, ukungu ukatufunika, na dada anainua simu yake juu sawa vile padri anayeinua kikombe. «Imepanda!» alipiga kelele. Nilivua kofia. Hakukuwa na muntu wa kumuvulia, lakini nilivua.

Noeli ile nilitembea na shingo ndefu. Watu walitoka Goma na viatu vyeupe, watu wanapika wali na nyama, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inapita kwenye kibuyu, na kitabu changu kinapita simu kwa simu. Dada alikuwa anakitia ndani ya carte mémoire ya kila muntu anayekuja kuchaji. Njiani walikuwa wananiita. Motari mumoja alipunguza mwendo wa pikipiki: «Papa! Mbuzi ilitoka?»

«Mbuzi gani?»

«Ile ya page ya tatu!» Akaenda akicheka.

Nilicheka na mimi. Nilifikiri ni namna ya vijana. Mwingine akaniuliza kama kikohozi kilipona. Nikajibu asante.

Siku iliyofuata Noeli muke wangu, yeye alisoma mupaka darasa la sita, alichukua simu akaketi kwenye jua. Nilikuwa namusikia anacheka peke yake, nikafurahi. Kisha hakucheka tena. Akaniita.

«Muzee. Hii ulitaka iandikwe?»

Akanisomea. «Huyu wa kivuko, dada, ni mwenye duka wa hapa kwetu, unamujua, hajui kusoma hata herufi moja, barua zote nilimusomea mimi ao alizitunga mwenyewe. Hii usiandike.»

Nilikimbia kwa dada na miguu hii ya uzee. Hakubishana. Alifungua kaye akanionyesha saini. «Papa, ulisoma. Nilikuona.» Ningeweza kumuambia kwamba sikusoma. Sikumuambia. Nilisema macho yalichoka. Akavaa buti zake tena, akapanda, mangaribi akarudi na matope mupaka kwenye magoti.

«Kule kwenye site iko safi sasa. Mbuzi nimetoa, kikohozi nimetoa, ile nayo nimetoa. Lakini yenye iko tayari ndani ya simu za batu, Papa, siwezi kuingia kwenye mifuko yao.»

Ilikuwa mbali sana ndani ya kitabu, karibu na mwisho. Na watu, nilivyowauliza kwa hila, walikuwa bado mwanzoni. Wanasoma page tano, wanakula, wanalala. Nilimushukuru Mungu juu ya uvivu wa wasomaji wangu. Nilijiambia: Bonane itapita, watarudi muji, watafuta kitabu wapate nafasi ya miziki.

Lakini yeye alipaswa kujua kwanza kutoka kwangu. Hilo nililijua. Mara ya kwanza nilienda nikanunua chumvi. Mara ya pili nilikuta watu, nikanunua chumvi tena. Mara ya tatu alikuwa peke yake barazani, akaniangalia na akacheka.

«Kaka, ngombe zako zinakula chumvi mingi siku hizi, na hauna ngombe.»

Niliketi. Nilifungua kinwa.

«Nasikia umeandika kitabu,» akasema. «Inchi muzima inasema. Mimi haujaniambia kitu.»

«Nilitaka usikie Bonane. Dada atasoma kwa sauti, mbele ya nyumba yake.»

«Uniwekee kiti ya mbele.»

«Nitaweka.»

«Kuko mimi ndani?»

Aliuliza akicheka, lakini aliacha kupima sukari. Nilipaswa kusema pale. Kinwa hiki, kinachosema hata kisipoombwa, kilikataa. Nikamuambia: «Utasikia.»

Bonane watu walitoka misa, wengine walitoka kwenye makanisa yao, wakajaa mbele ya nyumba ya dada na viti vyao, na watoto mugongoni, na sahani. Nilimuwekea kiti cha mbele, mimi nikaketi nyuma yake. Alikuja na koti lake la sikukuu na kofia. Dada alisoma ile iliyosafishwa, na alisoma vizuri, polepole, na kinwa cha muntu. Watu walicheka mahali pa kucheka. Ilipofika ile barua ya kifo cha baba, kwenye kijito, niliona mabega ya rafiki yangu. Alijijua. Hakugeuka. Lakini mukono wake ulikuja nyuma polepole ukatafuta goti langu, ukalishika, ukabaki pale. Karibu saa muzima ulibaki pale. Kama kitabu kingeisha katika saa ile, mimi leo ningekuwa muntu mwingine.

Nyuma yetu alikuwa ameketi mwalimu mumoja aliyepanda kutoka Goma kwa likizo, muntu mupole, muntu wa heshima. Tangu mwanzo alikuwa anafuatisha ndani ya simu yake, kidole juu ya mustari, anafurahi, na ya mbuzi na kikohozi yaliyokosa aliyaacha yapite. Dada alipofika karibu na mwisho, mwalimu aliinua mukono.

«Dada, pardon. Umeruka.»

«Sikuruka, Papa.»

«Umeruka. Huku kwangu kuko maneno mengine.»

«Endelea tu, dada,» nikasema.

«Hapana, asiruke!» watu wakasema. «Tunataka yote! Mbuzi iko wapi? Alitoa mbuzi!» Walikuwa wanacheka tangu Noeli juu ya mbuzi ile, waliitaka.

Na mwalimu akasimama, akasoma kwa sauti ya darasa, neno kwa neno, alifika mupaka «hii usiandike», na hapo watu wakapasuka kwa kucheka, juu ya lile neno tu. Kisha kicheko kikaanza kufa, mbele kwanza, halafu nyuma, kila muntu kadiri alivyoelewa. Mukono juu ya goti langu sikuusikia tena. Sijui uliondoka saa gani.

Katika mustari wa pili kulikuwa mama mumoja, muzee kunishinda. Mutoto wake alikwenda Walikale kuchimba mawe, zamani ya barua, na barua yake moja tu ilifika, mwaka ule mimi sikuwa pale. Hakuna kingine kilichofuata, wala barua wala mutoto. Alisimama kwa fimbo, akamugeukia rafiki yangu.

«Papa. Ile yangu, wewe njo ulinisomea.»

«Njo mimi, Mama.»

«Ulinisomea kwamba atakuja wakati wa kuvuna maharagi.»

«Ndiyo, Mama.»

«Ilisema hivyo?»

Nilitaka aseme ndiyo. Barua yenyewe iliungua na nyumba ya mama ule mwaka wa vita, hakuna karatasi ya kumushitaki. Angesema ndiyo, na wote tungeamini, hata mimi ningeamini. Akavua kofia.

«Sijui, Mama. Sikujua hata siku ile.»

Mama alishika fimbo kwa mikono miwili.

«Miaka yote nilikuwa nakausha maharagi na kuweka yake pembeni,» akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema sawa vile muntu anayetoa hesabu ya kazi aliyoifanya. Akaketi.

«Kaka,» nikasema. Nilimuita hivyo mara mbili. Hakuniangalia, na hakunikataa. Alimugeukia dada, na sauti yake ile ya barazani, ile ya zamani, akamuambia:

«Endelea kusoma, dada. Batu bamekuja kusikia.»

Dada akatafuta mustari, akaendelea. Rafiki yangu akasimama, akakiegemeza kiti kwenye ukuta kisizibe njia, akapita katikati ya magoti ya watu akisema pardon, pardon, Mama, pardon. Nilifikiri anakwenda dukani. Alipita duka. Mulango ulikuwa wazi, muke wake alikuwa mulangoni anapeta muchele, akamuuliza kitu, akamujibu kwa mukono. Akashika barabara upande wa chini, mikono nyuma, koti la sikukuu, hatua ya muntu anayekwenda kutazama shamba, na kwenye kona ya mikaratusi akapinda, na hakurudi tena.